Kutoka Matobolwa hadi Mabondo

Mtu wa pwani anayeshuka Malampaka, wilayani Maswa mkoani Simiyu, kwa mara ya kwanza na kukaribishwa matobolwa huyageuzageuza kiganjani kabla ya kuyatia kinywani. Ni vipande vikavu, vigumu, na mwenye jino bovu hana budi kuwa na tahadhari. Akivumilia, mate hufanya kazi yake na utamu wa kiazi hurudi polepole, mzito, wenye harufu ya jua. Kwa mwenyeji wa Maswa hiki si chakula cha ajabu hata kidogo. Ni akiba. Viazi vitamu vikichemshwa, vikakatwa na kuanikwa, hayo ni matobolwa. Vikianikwa vibichi ni michembe, ambayo hupikwa baadaye, mara nyingi pamoja na karanga.

Ajabu yenyewe iko kwingine. Kiazi kitamu na karanga, vyote viwili, asili yake ni Amerika. Kadhalika mahindi na muhogo. Mazao hayo yalifika Afrika Mashariki baada ya meli za Wareno kuanza kupita Bahari ya Hindi mwaka 1498, kisha yakapenya bara kidogo kidogo, mkono kwa mkono. Kabla ya hapo Usukuma, nchi ya Wasukuma ambamo Maswa imo, ulikula mtama na uwele. Kuna kizazi fulani, basi, ambacho jina lake halikuandikwa popote, kilichowahi kukishika kiazi kitamu kwa mashaka yaleyale ya mgeni wa leo mbele ya matobolwa. Mtu wa kwanza wa kizazi hicho kuuma anastahili heshima kuliko msafiri yeyote mwenye kamera.

Wasafiri wenye kalamu, hata hivyo, wametuachia ushahidi. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika kwa makini alichoandaliwa: wali uliopikwa kwa samli juu ya sinia la mbao, mchuzi wa kuku, nyama na samaki, ndizi mbichi zilizopikwa katika maziwa, malimau ya achari, tangawizi mbichi na maembe. Alistaajabu pia kwamba mtu mmoja wa mji ule alizoea kula kiasi cha kutosha kundi zima la akina Ibn Battuta. Wali ule wa pwani ulichukua karne nyingi kufika bara, ukifuata misafara ya biashara ya karne ya 19. Leo majaluba ya mpunga yametapakaa Usukuma, na hakuna anayeuona wali kuwa chakula cha kigeni.

Malampaka yenyewe ilifunguliwa na reli. Njia ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikipita hapa, na stesheni ikawa mahali pa kupakia pamba ya Maswa. Reli huleta vyakula kama inavyoleta watu. Lakini mtu akichunguza vizuri ataona kwamba vyakula vipya vya mkoa huu havikuja kwa udadisi wa walaji. Mara nyingi vililetwa na njaa, au na amri.

Muhogo ni mfano. Wakati wa Waingereza wakulima waliamriwa kuupanda kama zao la kinga ya njaa, kwa kuwa hustahimili ukame na huweza kungoja ardhini. Baada ya uhuru likaja jaribio jingine. Ukame wa miaka ya 1973 hadi 1975 uliilazimisha Tanzania kuagiza nafaka kwa wingi kutoka nje, yakiwemo mahindi ya njano ya Marekani. Watu waliozoea ugali mweupe walipokea unga wenye rangi ya jezi ya klabu ya Yanga, wakauita "yanga". Kisha kulikuwa na bulga, ngano iliyochemshwa, kukaushwa na kupondwa, iliyoingia katika masufuria ya shule nyingi nchini. Huko Uturuki na Shamu bulga ni chakula cha heshima chenye historia ndefu. Huku ilifika ndani ya magunia ya msaada, bila mpishi wa kueleza inavyopikwa, na wanafunzi wengi wa wakati ule bado wanaikumbuka kwa kukunja uso. Hilo linasikitisha, kwa sababu chakula kile hakikuwa na kosa lolote. Kilikosa mtu wa kukitambulisha.

Wadudu wana historia tofauti. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi hutoka vichuguuni, na watu huwangoja hapohapo. Ng'ambo ya Ziwa Viktoria, Bukoba inajulikana kwa senene, na Buganda kuna ukoo mzima uitwao Nsenene ambao, kwa kuwa mdudu huyo ndiye mwiko wao, hawamli. David Livingstone, alipokuwa Ziwa Nyasa, alionjeshwa mkate wa kungu, visubi wadogo wa ziwani wanaopaa kama moshi, akaandika kwamba ladha yake haikuwa mbali na mayai ya samaki yenye chumvi au nzige waliotiwa chumvi. Mwaka 2013 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitaja zaidi ya aina 1,900 za wadudu wanaoliwa duniani. Umoja wa Ulaya ulikuja kuidhinisha mdudu wake wa kwanza chini ya sheria yake ya vyakula vipya mwaka 2021. Usukuma haukuwa na haja ya kungoja kibali hicho.

Kitoweo chenye hadithi kubwa zaidi, pengine, ni nungunungu. Wasukuma walikuwa na vyama vya ngoma na kazi, kila kimoja na nyimbo zake na dawa zake: Bayeye wa nyoka, na Bununguli, chama cha wawindaji wa nungunungu. Mnyama huyu hula viazi, karanga na muhogo shambani usiku, kwa hiyo mwindaji aliyeingia shimoni kumtoa alimtumikia mkulima kabla ya kulitumikia tumbo lake mwenyewe. Kutambaa ndani ya shimo lenye giza, ambamo nyoka pia huweza kuwa amejihifadhi, kumfuata mnyama mwenye miiba: hapo ndipo neno ujasiri linapostahili kutumika kuhusu chakula. Leo kuwinda mnyamapori bila kibali ni kosa, na Pori la Akiba la Maswa liko katika mkoa huuhuu wa Simiyu. Kanuni za mwaka 2020 ndizo zilizofungua njia ya bucha halali za nyamapori.

Kisha kuna sangara. Aliingizwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amelitawala ziwa na kuwamaliza wengi wa samaki wadogo waitwao furu. Minofu yake ikaenda Ulaya. Mifupa na vichwa, yaani mapanki, vikabaki kukaangwa na kuliwa na watu wa hapa. Filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, ya mwaka 2004, iliwaonyesha walimwengu picha hiyo na kuzua ubishi mkali nchini.

Sehemu moja ya sangara ilikuwa na safari ya mbali zaidi: bondo, kifuko cha hewa ambacho wenyeji hawakuwa na desturi ya kukipika. Mabondo hukaushwa, hufungwa na kupelekwa Hong Kong na China, ambako huchemshwa kuwa supu ya karamu, na kilo moja yake huuzwa kwa bei inayoiacha mbali kilo ya minofu. Mwaka 2021 kampuni za China zilipewa kazi ya kujenga reli mpya ya Mwanza hadi Isaka, kilometa 341, nayo inapita Malampaka. Baadhi ya mafundi wake walitoka katika nchi ambayo bondo ni kitu cha thamani mezani, wakatandika mataruma katika nchi ambayo matobolwa yangali yanaanikwa juani.