Karani wa Reli na Mkewe Aliyesahau

Tangu shangazi yetu aanze kupotea njia ya kutoka sokoni, kundi letu la familia la WhatsApp halijapoa. Kaka anatuma picha za nyumba ya kulelea wazee aliyokwenda kuiona: bustani, vitanda vyeupe, geti la chuma. Dada anajibu kwamba kwetu mzee halelewi na watu baki. Mwingine anauliza bei. Bei ikitajwa, kimya. Nilipochoka kusoma meseji nikarudi kwenye vitabu, na huko nikamkuta mtu aliyehangaika na jambo hilohilo zaidi ya miaka 120 iliyopita. Aliitwa Karl Deter, karani wa reli katika jiji la Frankfurt, Ujerumani.

Jina la Alzheimer tunalijua karibu wote. Jina la Auguste Deter, mgonjwa aliyemfanya daktari huyo ajulikane, wanalijua wachache. Mumewe ndiye hatajwi kabisa. Mimi naona habari hii ianze kwake, kwa sababu kabla daktari hajaona kitu kwenye hadubini, kulikuwa na mume aliyekubali kwamba nyumbani hawezi tena.

Auguste alizaliwa mwaka 1850, akaolewa na Karl mwaka 1873, wakajaliwa binti mmoja. Mwaka 1901 ghafla akaanza wivu. Alimshutumu mumewe kwamba ana uhusiano na jirani. Ukisoma hapo tu utadhani ni ugomvi wa kawaida wa ndoa, na huenda hata Karl alidhani hivyo mwanzoni. Halafu kumbukumbu ikaanza kumtoka. Akawa anaharibu chakula jikoni, anaficha vitu asikumbuke alikoviweka, anazunguka ndani ya nyumba bila kujua anatafuta nini. Alikuwa na miaka 51 tu, umri wa mtu ambaye bado anategemewa na wengine. Tarehe 25 Novemba 1901 Karl akampeleka kwenye hospitali ya jiji ya wagonjwa wa akili na kifafa.

Wapenzi wa fasihi, aliyehangaika mpaka hospitali hiyo ikajengwa mnamjua kwa kazi nyingine. Ni Heinrich Hoffmann, daktari aliyeandika Struwwelpeter, kitabu cha mashairi na picha kuhusu watoto watundu kilichochapwa mwaka 1845. Hospitali yake ilifunguliwa mwaka 1864 nje ya mji, ikiwa na minara na madirisha marefu, na watu wa Frankfurt wakaipachika jina la Kasri la Vichaa. Lakini jina lisitudanganye. Auguste alipoingia, mkurugenzi alikuwa Emil Sioli, mtu aliyepinga kuwafunga wagonjwa kamba na kuwavalisha mashati ya kubana mikono. Badala yake walitumia maji ya uvuguvugu, matembezi ya bustanini na wauguzi wa kukaa nao. Kwa kipimo cha zama zile, Karl hakumtupa mkewe. Alimpeleka mahali pazuri.

Siku iliyofuata, Alois Alzheimer akaketi karibu naye na kuanza kumuuliza maswali. Jina lako nani? Auguste. Na la ukoo? Auguste. Mumeo anaitwaje? Akafikiri, akajibu kwamba huenda ni Auguste. Wakati wa chakula cha mchana alikuwa anakula nyama ya nguruwe na koliflawa. Alipoulizwa anakula nini, alisema spinachi. Akapewa kalamu aandike jina lake kamili. Akaandika neno la kwanza, “Bibi”, kisha yaliyobaki yakapotea, ikabidi atajiwe neno moja moja. Daktari aliyaandika yote, swali na jibu, siku baada ya siku. Faili lile linasomeka kama mazungumzo ya watu wawili, mmoja akizidi kuzama na mwingine akiwa hana kamba ya kumtupia.

Sasa, ada. Kumweka mgonjwa pale kulikuwa na gharama, na mshahara wa karani una mwisho wake. Karl akaanza kuomba mkewe ahamishiwe kwenye nyumba ya bei nafuu. Alzheimer akaingilia kati. Kama habari inavyosimuliwa, palikuwa na makubaliano: Auguste abaki palepale, na daktari naye apate kumbukumbu zake za matibabu na, atakapofariki, ubongo wake.

Kila nikifika hapo nasita. Tuite huruma au biashara? Karl alipata alichokitaka, yaani mkewe asihamishwe kama mzigo. Daktari naye alipata alichokitaka. Auguste hakuulizwa, na hata angeulizwa, swali lingempotea kabla hajalijibu. Wanaosema kwamba suala la fedha linaichafua heshima ya wazee wetu wangekumbuka kwamba ugonjwa huu umeingia kwenye historia ukiwa umeshikana na bili.

Alzheimer mwenyewe aliondoka Frankfurt mwaka 1903, na baadaye akawa Munich. Auguste alibaki. Mwishoni alikuwa mtu wa kulala tu, amejikunja kitandani, hasemi la maana. Alifariki tarehe 8 Aprili 1906. Kilichomuua ni vidonda vya kulala, vijidudu vikaingia kwenye damu. Ubongo na faili vikapelekwa Munich. Tarehe 3 Novemba mwaka huohuo, mjini Tübingen, Alzheimer akawaeleza madaktari wenzake juu ya nyuzi zilizosokotana na madoa aliyoyaona kwenye hadubini. Inasemekana hakuna aliyeuliza swali. Mwaka 1910 Emil Kraepelin akaupa ugonjwa jina la Alzheimer kwenye kitabu chake cha kufundishia. Faili la Auguste likapotea machoni pa watu mpaka mwaka 1995, lilipokutwa kwenye hifadhi ya hospitali mjini Frankfurt. Kasri lenyewe lilishabomolewa. Mahali pake leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Goethe.

Tunakumbuka nyuzi na madoa. Mimi nimebaki na vile vidonda. Mgonjwa aliyeandikwa kwa makini sana, katika hospitali ya kisasa, alikufa kwa vidonda ambavyo dawa yake kubwa ni mikono: mtu wa kumgeuza, kumkausha na kumbadilishia shuka, usiku na mchana.

Wapo waliolijibu swali la mahali kwa namna nyingine. Katika mji wa Geel, Ubelgiji, tangu Zama za Kati familia za kawaida zimekuwa zikiwapokea wagonjwa wa akili na kuishi nao nyumbani, wakila meza moja na kushika kazi za shamba. Mwishoni mwa miaka ya 1930 walikuwa zaidi ya 3,700. Na mwaka 2009, huko Weesp karibu na Amsterdam, kikafunguliwa kijiji cha Hogeweyk kwa ajili ya watu waliopoteza kumbukumbu. Wanaishi wachache wachache katika kila nyumba, kuna duka na mgahawa, wahudumu hawavai sare, na mtu anaweza kutembea apendavyo ndani ya kijiji. Geti la kutokea ni moja, nalo linalindwa. Kuna wanaosema ni mji wa maigizo. Labda. Ila shangazi yetu anataka kwenda sokoni kila asubuhi, na sisi kazi yetu imekuwa kumfungia mlango.

Wiki iliyopita nilifuatana na kaka kuiona ile nyumba ya kwenye picha. Bustani kweli ipo. Yeye aliuliza bei, mimi nikauliza usiku wanabaki wahudumu wangapi, na asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila baada ya muda gani. Msimamizi alinitazama kidogo, akasema wa usiku ni mmoja. Wazee walikuwa kumi na wanane.

Tukarudi bila kuweka sahihi. Jioni dada akaandika kwenye kundi kwamba si alituambia, mzee akae nyumbani. Nikamwuliza swali lilelile: nyumbani, usiku, ni nani atakayemgeuza? Alama mbili za bluu zimeonekana tangu juzi. Jibu bado hajaandika, na mimi pia sijaandika la kwangu.