Safari ya Neno "Siyo"

Wataalamu wa mitambo ya kuhesabu walipotafuta maneno ya kazi yao, waliyaazima kwetu sisi walimu wa lugha: herufi, alfabeti, neno, lugha. Kwao herufi ni alama yoyote, neno ni mfuatano wa alama, na lugha ni jumla ya maneno yaliyokubaliwa na hakimu aitwaye otomata. Haitakuwa vibaya, basi, tukiuliza mali yetu ilitumikaje ugenini. Nia ya insha hii ni kueleza habari za neno moja dogo, nalo ni "siyo": jinsi lilivyopatikana kwa taabu mwaka 1960, na jinsi lilivyoponyoka mwaka 1994.

Otomata ni hakimu maskini. Ana hali chache zenye idadi. Husoma herufi moja moja, na kila herufi humtoa hali hii akaingia nyingine. Harudi nyuma wala haandiki. Wazo hili lilitokana na Warren McCulloch na Walter Pitts, ambao mwaka 1943 waliieleza mishipa ya ubongo kwa hesabu. Mwaka 1956 Stephen Kleene alizipambanua lugha ziwezazo kuamuliwa hivyo, na mwaka 1959 Michael Rabin na Dana Scott wakampa hakimu ruhusa ya kubahatisha njia. Neno likiisha, twatazama amesimama wapi: akiwa katika hali njema, neno limekubaliwa. Kulikana ni rahisi vilevile: twafuata kwa pamoja hali zote awezazo kuwamo, na mwisho wa neno twaangalia kama hata moja ni njema.

Lakini neno lisiloisha je? Halina mwisho wa kutazamwa. Swali hili lilimshika Julius Richard Büchi, Mswisi aliyezaliwa mwaka 1924, akahamia Marekani. Katika mkutano wa Stanford wa mwaka 1960 alitoa jibu lake: neno lisilo mwisho limekubaliwa ikiwa hakimu aweza kushika njia ambayo huipitia hali njema tena na tena, bila ukomo. Kwa sheria hii alitaka kupata njia ya kuamua ukweli wa sentensi fulani za hesabu za namba nzima. "Na" ilimjia kwa wepesi, na "au" pia. Iliyomshinda nguvu kwanza ni "siyo". Maana ile hila ya kufuata hali zote kwa pamoja hapa hudanganya: hali njema yaweza kuonekana mara zisizo idadi, kumbe kila mara ni ya njia nyingine, wala hapana njia moja iliyodumu.

Büchi aliokolewa na marehemu. Frank Ramsey wa Cambridge alifariki Januari 1930, umri wake miaka 26, na mwaka huohuo ikachapwa kanuni yake: ukipaka rangi kila jozi ya vitu visivyo idadi, na rangi zenyewe zina idadi, hukosi kundi lisilo ukomo ambalo jozi zake zote ni za rangi moja. Büchi akakipa kila kipande cha neno rangi, kwa kadiri kinavyomhamisha hakimu. Hivyo kila neno lisilo mwisho likakatika kichwa kimoja, kisha vipande vya rangi moja milele. Lisilo ukomo likajulikana kwa rangi mbili, na "siyo" ikaandikika.

Faida yake ilionekana baadaye. Mwaka 1977 Amir Pnueli alishauri kwamba programu zichunguzwe kwa mantiki ya wakati, na mwaka 1986 Moshe Vardi na Pierre Wolper wakaiunganisha kazi hiyo na otomata za Büchi. Ili kujua kwamba mtambo usiosimama hautatenda ubaya kamwe, huna budi kumpata hakimu wa ubaya wenyewe; yaani lazima uweze kukana.

Hata hivyo alfabeti ya Büchi ina idadi. Majina ya watu na nambari za akaunti hayana. Mwaka 1994 Michael Kaminski na Nissim Francez, wa Technion mjini Haifa, walichapa habari za hakimu mwenye visanduku vichache vya kumbukumbu. Mfikirie bawabu awezaye kukumbuka jina moja tu. Je, yupo mgeni aliyeingia mara mbili? Bawabu abahatisha jina, alihifadhi, angoja. Likirudi, asema ndiyo. Sasa mwulize kinyume chake: je, wageni wote ni mbalimbali? Hapo yampasa kuyakumbuka majina yote, na visanduku havitoshi hata viwe elfu. "Ndiyo" yataka shahidi mmoja. "Siyo" yataka kila mtu.

Hasara ikafuata. Mwaka 2004 Frank Neven, Thomas Schwentick na Victor Vianu walithibitisha kwamba hapana njia ya jumla ya kujua kama hakimu wa namna hii hukubali maneno yote. Stéphane Demri na Ranko Lazić walijaribu hakimu mwingine, mwenye kisanduku kimoja na uwezo wa kukana. Kwa maneno yenye mwisho, kujua kama yupo neno alikubalilo kwawezekana, ingawa kwa gharama kubwa mno. Kwa maneno yasiyo mwisho, njia ya kuamua haipo.

Büchi alifariki mwaka 1984, kabla ya hayo. Aliushinda urefu usio ukomo kwa sababu alfabeti yake ilikuwa na mpaka. Mpaka huo ulipoondoka, kanuni ya Ramsey haikuwa na rangi chache za kupaka. Msomaji atakayesema "haijapata kutokea hata mara moja" na apime kwanza ukubwa wa kumbukumbu zake.