Kadi, Lukasa na Ukumbusho: Nani Anayelisemea Jiwe la Shinkolobwe?

Jiwe la urani kutoka Shinkolobwe, chimbo la Katanga nchini Kongo, likiwekwa ndani ya kabati la kioo la makumbusho, chini yake huwapo kadi ndogo. Inataja jina la madini, fomula yake ya kemia na mahali lilipochimbwa, na pengine namba ya mkusanyiko au jina la aliyelitoa. Kwa watu wa fani hiyo, jiwe lisilo na kadi limepoteza ushahidi wake, maana halina tena njia ya kuonyesha lilikotoka. Ndiyo sababu wakusanyaji hutunza kadi kuukuu hata wino wake ukishafifia.

Katanga yenyewe ina njia nyingine mbili za kukipa kitu maelezo: lukasa ya Waluba, na picha za ukumbusho ambazo familia za mijini zilitundika sebuleni. Haja ya njia zote tatu ni moja, nayo ni kumpa mtazamaji habari asiyoweza kuipata kwa macho peke yake. Nikiziweka pamoja, naona kwamba kadi inazishinda nyingine kwa usahihi, ila kwa haki iko nyuma yao. Kasoro hiyo inatibika, na dawa yake iko Katanga.

Tuanze na sifa ya kadi. Mwaka 1921 mtaalamu wa Ubelgiji, Alfred Schoep, alieleza madini mawili mapya kutoka Shinkolobwe. Moja ni curite, yenye vijiti vyembamba vya rangi ya chungwa iliyokolea, aliyoiita kwa heshima ya Pierre Curie. La pili ni kasolite, lenye jina la Kasolo, mahali penye chimbo lenyewe. Mwaka uliofuata zikaja becquerelite na soddyite, na mwaka 1924 sklodowskite, ya manjano mpauko, kwa heshima ya Marie Skłodowska Curie. Baadaye ikaja sharpite, ya Robert Rich Sharp aliyeigundua akiba hiyo ya urani mwaka 1915, kisha cattierite, ya Félicien Cattier aliyekuwa mwenyekiti wa kampuni ya uchimbaji, Union Minière du Haut Katanga. Bila kadi, elimu yote hiyo isingeweza kusafiri kutoka Likasi, mji ulio jirani na chimbo, hadi Brussels na Paris bila kuchanganyikiwa.

Hata mstari wa mahali una historia ndani yake. Kadi iliyoandikwa “Kongo ya Kibelgiji” ni ya kabla ya uhuru wa 1960. Iliyoandikwa “Shaba, Zaire” ni ya miaka ya Mobutu, baada ya 1971. Inayotaja Haut-Katanga kama mkoa ni ya tangu 2015, Katanga ilipogawanywa. Mji huo wa jirani ulikuwa Jadotville, ukipewa jina la Jean Jadot wa Union Minière, kabla ya kuwa Likasi. Msomaji makini anaweza kuona dola zikipokezana kwenye kipande cha karatasi kisichozidi kiganja.

Lakini hebu yasome majina hayo kwa mfululizo: wanasayansi, mgunduzi, mwenyekiti wa kampuni. Kati ya niliyoyataja, ni kasolite peke yake iliyobeba jina la ardhi, na hakuna hata moja lililobeba jina la aliyeshika sururu. Kimya hicho kilivuka bahari pamoja na mzigo. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, aliagiza zaidi ya tani 1,000 za madini ya Shinkolobwe zipelekwe New York. Zilikaa katika bohari la Staten Island ndani ya mapipa ya chuma yaliyoandikwa tu kwamba ni madini ya urani, zao la Kongo ya Kibelgiji. Septemba 1942 jeshi la Marekani likazinunua kwa ajili ya Mradi wa Manhattan, na sehemu kubwa ya urani ya mradi huo, uliounda bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, ilitoka Shinkolobwe. Maandishi ya pipa yalitosha kwa karani wa bandari. Hayakumweleza yeyote ni mikono ya nani iliyoyachimba yale mawe, wala vumbi lake lilifanya nini katika mapafu yao.

Sasa tuitazame lukasa. Ni ubao unaoshikwa kwa mkono wa kushoto, umebinywa katikati, umepambwa kwa shanga, kauri na vipande vya chuma. Mtunza kumbukumbu wa chama cha Mbudye hupitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga hizo akisimulia asili ya ufalme wa Waluba: Nkongolo, Mbidi Kiluwe, Kalala Ilunga, safari zao, miiko na mipaka yao. Shanga moja kubwa yenye ndogo kuizunguka yaweza kuwa mfalme na watu wake. Msimulizi mwingine, mbele ya wasikilizaji wengine, ataigusa shanga hiyohiyo na kusema jambo tofauti, wala hatahesabiwa kuwa amekosea. Maana yake imo katika ubao, katika kidole na katika baraza kwa pamoja. Kadi hufunga mjadala. Lukasa huufungua, lakini humtaka mtu aliye hai na aliyefundwa. Ikishawekwa kabatini Ulaya bila mtu huyo, lukasa hugeuka bubu, na hapo hulazimika kusemewa na kadi.

Picha za ukumbusho zinasimama kati ya njia hizo mbili. Mchoraji mashuhuri wa fani hiyo, Tshibumba Kanda Matulu, alizaliwa mwaka 1947 Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Katika miaka ya 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian mfululizo wa picha zipatazo 100 za historia ya nchi yake, na akazieleza kwa Kiswahili cha Katanga huku kinasa sauti kikiwa wazi. Maneno aliyoyaandika ni sehemu ya picha yenyewe: jina la tukio, mwaka, mahali, yote juu ya turubai ileile. Mwandishi wa maelezo ni mchoraji mwenyewe, naye ni mwana wa nchi inayosimuliwa. Tshibumba alipotea mapema miaka ya 1980, na hadi leo historia aliyoichora inasomeka kwa maneno yake. Hili lukasa haiwezi kulifanya bila msimulizi, na kadi haijawahi kujaribu.

Makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels, yameonyesha kwamba maandishi ya zamani yanaweza kujibiwa. Humo mna ukuta wenye majina 1,508 ya Wabelgiji waliofia Kongo kabla ya 1908. Jengo lilipofunguliwa upya Desemba 2018, msanii Freddy Tsimba alikuwa ameweka majina ya Wakongo saba waliofia Tervuren wakati wa maonyesho ya kikoloni ya 1897, ili mwanga wa jua uangushe vivuli vya majina hayo juu ya ukuta uleule: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange.

Basi na jiwe la Shinkolobwe lifanyiwe hivyo. Fomula ibaki, na mahali pabaki, kwa sababu usahihi si adui wa haki. Kutoka kwenye ukumbusho tuchukue tukio na mwaka: kadi iseme kwamba jiwe lilichimbwa na vibarua Waafrika wa Union Minière, na itamke wazi pale ambapo majina yao hayakuandikwa. Iseme pia kwamba chimbo lilifungwa rasmi Januari 2004, na Julai mwaka huohuo likaporomoka na kuua wachimbaji wadogo waliokuwa bado wanashuka humo kutafuta kobalti. Kutoka kwenye lukasa tuchukue baraza: wazee wa Likasi, watoto wa waliochimba, waulizwe kwanza, sauti zao zirekodiwe kwa Kiswahili chao, na kadi iandikwe upya kila ushahidi mpya unapopatikana. Makumbusho yanayoweza kutaja asilimia ya urani ndani ya jiwe yana uwezo wa kutafuta pia habari za aliyelitoa ardhini. Yakiacha kuzitafuta, yatakuwa yamechagua, na watu wa Likasi wana haki ya kuyadai maelezo.