Historia ya wanawake wa Pwani na nafasi yake katika sherehe za vyuoni

Kila ufikapo mwezi wa Machi, vyuo vyetu vya Pwani huvaa zambarau. Viongozi wa chama cha wanafunzi hupeleka barua kwa mkuu wa wanafunzi kuomba ukumbi, hema hufungwa, vipaza sauti hukodishwa, na mgeni wa heshima aliyeahidi kufika saa tatu husubiriwa mpaka saa sita. Hotuba husomwa kuhusu kumwezesha mwanamke, keki hukatwa, picha hupigwa, na jioni wafagiaji hukusanya chupa za maji. Siku ya pili muulize msichana aliyehudhuria ni mwanamke gani wa Pwani aliyemjua jana ambaye juzi alikuwa hamjui. Mara nyingi utajibiwa kwa tabasamu.

Si kwamba sherehe hizi hazina maana. Msichana aliyetoka Tana River au Kinango akaona mwanamke mwenzake anashika kipaza sauti mbele ya wahadhiri huondoka na kitu. Lakini siku hii ilipoingia vyuoni haikuja kama siku ya hotuba. Ilikuja kama somo lililokosekana kwenye vitabu, na inafaa msomaji ajue ilitoka wapi kabla hatujaingia katika hazina yetu wenyewe.

Siku ya Kimataifa ya Wanawake ilianzia kwa vyama vya wafanyakazi wa Ulaya. Mwaka 1911 iliadhimishwa Austria, Denmark, Ujerumani na Uswisi, na mwaka 1975 Umoja wa Mataifa ukaanza kuiadhimisha. Huo ni upande mmoja. Upande wa historia ulikuzwa na walimu na wanafunzi wa Marekani. Mwaka 1970 chuo cha San Diego kilianzisha masomo rasmi ya wanawake. Mwaka 1978 shule za Sonoma, California, zikafanya wiki nzima ya historia ya wanawake, kwa sababu walimu walifungua vitabu vya historia wakawakuta wafalme na majemadari, mama zao hawamo. Mwaka uliofuata, katika chuo cha Sarah Lawrence karibu na New York, mwanahistoria Gerda Lerner na wenzake wakakutana na viongozi wa vyama vya wanawake, na wazo la wiki ile likasambaa. Rais Carter akaitangaza mwaka 1980, na mwaka 1987 bunge lao likaifanya Machi yote kuwa mwezi wa historia ya wanawake.

Kenya nayo ina ukurasa wake. Mwezi wa Julai 1985 mkutano mkuu wa dunia kuhusu wanawake ulifanyika Nairobi, na lile baraza la mashirika na wanawake wa kawaida lililoambatana nao likakaa katika bewa la Chuo Kikuu cha Nairobi. Maelfu ya wanawake kutoka pembe zote za dunia walijadiliana kwenye nyasi zile zile wanazokalia wanafunzi wakisubiri vipindi.

Sasa tuje kwetu. Watayarishaji wengi wa sherehe hizi, wakitaka mfano wa mwanamke wa Pwani, humkimbilia Mekatilili wa Menza, na haki yake apewe. Mwaka 1913, Waingereza walipotaka kodi na vijana wa Kigiriama wakafanye kazi mbali na kwao, mama huyu alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya msiba, na watu wakamfuata. Yeye na Wanje wa Mwadorikola wakawakusanya Wagiriama Kaya Fungo wakala viapo vya kutoshirikiana na serikali. Wakakamatwa, wakapelekwa magharibi mwa Kenya, na mwaka 1914 wakatoroka wakarudi kwa miguu. Mwezi wa Agosti mwaka huo serikali ikailipua Kaya Fungo kwa baruti.

Nimeona michezo ya kuigiza ya wanafunzi kuhusu Mekatilili, na karibu yote hukawia kwenye kile kisa cha kuku na vifaranga vyake ambacho wazee husimulia, yule kuku aliyemdonoa Mzungu alipotaka kuchukua kifaranga. Watu hucheka, kuku hukimbia jukwaani, basi. Kisa ni kitamu, lakini nguvu ya Mekatilili ilikuwa katika mpango. Alichukua ngoma ambayo utawala haukuidhani kuwa siasa, akaitumia kuita mikutano. Mwanafunzi wa sayansi ya siasa akilielewa hilo amepata somo la muhula mzima.

Mwana Kupona binti Msham ni wa pili kutajwa, na pengine ndiye anayedhulumiwa zaidi. Alizaliwa Pate mwanzoni mwa karne ya 19, akaolewa na Bwana Mataka wa Siyu, kiongozi aliyepigana na majeshi ya Seyyid Said. Utendi wake aliuandika mwaka 1858, akiwa mjane na mgonjwa, kumwachia binti yake Mwana Hashima. Shuleni tulifunzwa kwamba ni utendi wa kumtii mume, na vijana wa leo wakisikia hivyo hukunja uso. Lakini ndani yake mna dini, mna adabu ya kuzungumza na wakubwa, mna huruma kwa maskini. Wapo wataalamu waliousoma upya wakaona kejeli iliyofichwa katika baadhi ya nasaha zake. Mimi sishawishiki sana na kejeli hiyo. Ninachokiona ni mama aliyeishi katika mji wa vita, anayejua binti atabaki bila mlinzi, akamfunza namna ya kupita salama. Huo ndio mdahalo ningependa kuusikia katika ukumbi wa chuo, wasichana na wavulana wakiwa na maandishi mkononi, kuliko hotuba ya nne ya mgeni wa heshima.

Hazina ambayo karibu haiguswi kabisa ni lelemama. Kijana wa leo akilisikia neno hilo hudhani ni ngoma ya harusi tu. Huko Mombasa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, lelemama ilikuwa vyama. Vilikuwa na vyeo, na sare, na karamu, na mashindano yaliyogawa mitaa. Ibinaal Watan na Banu Saada ni majina ambayo bibi zetu waliyatamka kama vijana wa sasa wanavyotaja timu za mpira wa Uingereza. Mwanamke ambaye nje hakuwa na sauti, ndani ya chama alichagua viongozi, alikusanya na kutumia pesa, na kwa nyimbo alimwaibisha aliyevunja maadili ya mji. Humo walikutana waungwana na wenye asili ya utumwa, ingawa si bila vijembe. Bara Hindi na Uarabuni zinatajwa kila siku tunapoelezea utamaduni wetu, ila vyama hivi vilivyoundwa na mama zetu wenyewe havitajwi.

Kutoka humo likazuka jambo jingine. Miaka ya 1950 wanawake wa Kiislamu wa Mombasa walianzisha vyama vya aina mpya vilivyoshughulika na elimu na maendeleo, na mwishoni mwa miaka hiyo wanawake wa Kiarabu, walionyimwa kura, wakatia saini ombi la kudai haki hiyo. Ng'ambo ya mpaka, Bibi Titi Mohamed, ambaye naye alitoka katika vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam, aliviita vikundi hivyo mwaka 1955 na kuvigeuza nguvu ya TANU. Anayesema mwanamke Mwislamu wa Pwani ameletewa siasa jana na mashirika ya wafadhili hajasoma.

Nasi tumeyajuaje haya? Hapa ndipo pagumu. Katika miaka ya 1970 mtafiti Margaret Strobel alikuja Mombasa akakaa na wanawake wazee, akawasikiliza. Kitabu chake kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa kilitoka mwaka 1979. Kisha yeye na Sarah Mirza wakachapisha mwaka 1989 masimulizi ya maisha ya Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy, na baadaye yakatolewa kwa Kiswahili chenyewe walichokisema. Bi Kaje alikuwa mwungwana wa ukoo wa Kiswahili, Mishi alitoka katika uzao wa waliokuwa watumwa na akijua mambo ya kuwafunda wari, Shamsa aliona zama za vyama na elimu. Vitabu vyote hivyo vilichapishwa na vyuo vya Marekani. Mtoto wa Kibokoni anayetaka kujua nyanyake alicheza lelemama ya chama gani anategemea kitabu kilichochapwa Indiana.

Na mabibi wa aina hiyo wanaondoka. Aliyekuwa msichana wa miaka 15 mwaka 1950 sasa amepita 90. Kila mwaka wa hotuba na keki ni mwaka ambao mmoja wao, Mwenyezi Mungu awarehemu, ameondoka na nyimbo, na majina ya leso, na jinsi mambo yalivyokuwa. Kwa hiyo nikiulizwa sherehe ya chuo ifanye nini, jibu langu ni moja: itoke na kitu cha kuhifadhi. Mwanafunzi kila mmoja amsikilize bibi mmoja na aandike. Wanafunzi 200 ni mabibi 200. Hakuna chuo cha Pwani kinachoshindwa na hilo, na bajeti yake haifiki ya hema.

Kazi hiyo isiwe ya Waswahili wa mjini peke yao. Taita kuna akina mama wanaosuka vikapu vya mkonge, na kila mchoro una jina na mwenyewe. Wapokomo, Waorma, Wadigo, kila nyumba ina wajuzi wake. Maonyesho ya leso nayo ni mazuri yakifanywa kwa akili. Badala ya kutundika vitambaa ukutani kama mapazia, kila leso iambatane na maelezo: ilinunuliwa mwaka gani, nani alimpa nani, na jina lake lilikuwa linamwambia nani. Leso ni barua, hilo kila mtu wa Pwani analijua. Na taarabu isiishie kwa bendi ya jioni. Wanafunzi waambiwe kwamba Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na kwamba Zuhura Swaleh na Malika walivuma kutoka Mombasa hii hii.

Wapo wazee wanaosema mambo haya ni ya kigeni na hayana nafasi kwetu. Nawaheshimu, lakini nawakumbusha kwamba hadithi zaidi ya 2,000 tumezipokea kupitia kwa Bibi Aisha, Mungu amridhie, na masahaba walikwenda kumuuliza. Hapa Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitetea elimu ya wasichana tangu miaka ya 1930. Na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichofunguliwa mwaka 1951 kama taasisi ya elimu ya Waislamu, kilikuja kuongozwa na mwanamke, Profesa Laila Abubakar. Kwale wamemchagua Fatuma Achani kuwa gavana mwaka 2022. Ugeni uko wapi?

Wazee hao wana haki katika jambo moja, nalo ni ratiba. Mwaka 2025 na 2026 tarehe 8 Machi iliangukia ndani ya Ramadhani. Kuweka karamu ya mchana na ngoma katika chuo ambacho sehemu kubwa ya wanafunzi wamefunga ni kuwafukuza kwa adabu. Mwezi huo unafaa kwa mihadhara mifupi ya asubuhi, au usomaji wa tenzi baada ya tarawehe. Ngoma na vyakula vingoje baada ya Idi. Historia haitaharibika kwa wiki tatu.

Jambo la mwisho ni zito kuliko yote, nalo ni simu. Vugo, na nyimbo za kufunda, na chakacha ya kesha ni mambo ya wanawake miongoni mwa wanawake. Wenye harusi hapa Mombasa huzuia simu mlangoni, na sababu inajulikana: mama wa watu amecheza akijua yuko na wenzake, kesho yake anatazamwa na vijana wa maskani. Chuo kikimwalika bibi aonyeshe vugo, kimuulize kwanza nani ataangalia. Akisema wanawake tu, ukumbi uwe wa wanawake tu, na mpigapicha awe mwanamke au asiwepo. Akikubali kurekodiwa sauti bila picha, iwe sauti. Na ruhusa isiwe karatasi ya Kiingereza ya kutiwa dole gumba. Aelezwe kwa lugha yake kanda itawekwa wapi, nani ataisikia, na kwamba anaweza kubadili mawazo.

Mabibi hawa pia walipwe. Mgeni wa heshima hupewa bahasha ya mafuta ya gari, wakati mwenye elimu yenyewe hupewa soda na leso moja. Nauli ya tuktuk ya kwenda na kurudi, posho ya siku, na mtu wa kumshika mkono kwenye ngazi. Kanda ikishasafishwa, nakala moja ikae maktaba ya chuo ikiwa na jina lake, tarehe na mtaa, na nyingine apelekewe nyumbani, katika simu ya mjukuu wake, siku hiyo hiyo kabla watu hawajatawanyika kwa likizo.