Geini ya 11 na Betri ya Volti 9

Wengi hudhani swichi ya geini kwenye amplifaya ndogo ya hedifoni huongeza nguvu. Sivyo, na mimi husema tuanze na hesabu.

Mwaka 1998 Chu Moy, Mmarekani, alichapisha saketi ya amplifaya ya mfukoni, CMoy. Watu waliiunda ndani ya vikopo vya peremende za Altoids. Geini yake ilikuwa 11: resista ya kilo-omu 10 na nyingine ya 1. Sasa, pleya ya CD hutoa volti 2. Mara 11 ni 22, na betri ni moja ya volti 9! Ukifungua volyumu kidogo tu, sauti inakwaruza. Na pale chini kabisa, kushoto na kulia mara nyingi hazilingani. Hata Sennheiser HD 600 ya omu 300, kwa volti 2 tu hupita desibeli 100. Geini 11 iliwafaa wenye pleya dhaifu.

Mwaka 2011 ikaja O2 ya NwAvGuy (jina lake halisi hakulitoa), yenye betri mbili na swichi ya 2.5 au 6.5. Geini imewekwa kabla ya volyumu, hivyo ukipunguza sauti, mvumo nao unapungua. Lakini ukiingiza volti 2 kwenye 6.5, inakwaruza hata volyumu ikiwa chini.