Mitutu miwili na seva mbili: historia fupi ya bunduki ya ndovu

Nimepotea kwa wiki kadhaa. Nilikuwa nimezama katika matatizo ya seva ya mteja mmoja, na matatizo hayo ndiyo yaliyonileta kwenye mada ya leo. Naonya mapema kwamba leo hamtapata hata mstari mmoja wa programu.

Seva yenyewe ilikuwa na diski mbili. Kila kilichoandikwa kwenye ya kwanza kiliandikwa pia kwenye ya pili, na mimi nikamwambia mteja alale usingizi wake bila wasiwasi. Siku moja stima ikapotea, ikarudi kwa kishindo, na diski zote mbili zikaungua dakika hiyo hiyo. Zilikuwa zinapata umeme kupitia kifaa kimoja. Nilidhani nina mbili, kumbe nilikuwa na moja.

Usiku ule nilimkumbuka babu yangu.

Babu mzaa baba, mtu wa Kibwezi, alikuwa mbeba bunduki kwa zaidi ya miaka ishirini. Bunduki hazikuwa zake. Kazi yake ilikuwa kutembea hatua moja nyuma ya mwindaji akiwa na bunduki ya pili, imejaa risasi, na kumkabidhi pindi ile ya kwanza inapokuwa tupu. Nilipokuwa mtoto alinieleza silaha hiyo kwa vidole viwili alivyovibana pamoja. "Mjukuu wangu," alisema, "hii si bunduki moja yenye midomo miwili. Hizi ni bunduki mbili zinazolala kitanda kimoja." Sikumwelewa hadi diski zile zilipoungua.

Ilitoka wapi?

Bunduki ya mitutu miwili kwa ajili ya wanyama wakubwa ni kazi ya mafundi wa Uingereza. Wawindaji wa karne ya 19 walibeba magobori mazito yaliyojazwa baruti nyeusi kupitia mdomoni. Kujaza upya kulichukua muda, na ndovu aliyejeruhiwa hasubiri mtu amalize kushindilia. Njia rahisi ya kupata risasi ya pili ya haraka ilikuwa kuweka mtutu wa pili ubavuni mwa wa kwanza.

Baadaye zikaja bunduki zinazokunjika katikati na kupakiwa kwa nyuma. Mwaka 1875 mafundi wawili wa kampuni ya Westley Richards ya Birmingham, William Anson na John Deeley, walipata hataza ya mtambo ambao nyundo zake zimefichwa ndani na hujikoki zenyewe unapoikunja bunduki. Mtambo huo bado unatumika hadi leo. Sisi wa tarakilishi tunajivunia programu iliyodumu miaka kumi!

Badiliko kubwa la pili lilikuja mwaka 1898, pale kampuni ya John Rigby ya London ilipotoa risasi ya .450 Nitro Express. Badala ya baruti nyeusi ilitumia kordaiti, baruti mpya isiyotoa wingu la moshi. Zamani, ili kumwangusha ndovu, watu walibeba mizinga midogo yenye kurusha risasi ya gramu 100 hivi. Sasa risasi ya gramu 31 tu, ikienda mita 650 kwa sekunde, ilifanya kazi hiyo hiyo, kutoka kwa bunduki ya kilo tano ambayo mtu mzima angeweza kuibeba kutwa nzima.

Kuna kisa kidogo hapa kitakachowafurahisha wanaopigana na viwango kila siku. Mwaka 1907 serikali ya Uingereza ilipiga marufuku risasi za kipimo cha .450 kuingia India na Sudan, kwa hofu kwamba waasi wangezitumia katika bunduki za kijeshi za kipimo hicho. Mafundi hawakulia. Kila mmoja alibuni kipimo chake kinachokaribia kile kile: .465, .470, .475. Nguvu ni ile ile, majina mbalimbali, na risasi ya moja haiingii katika nyingine. Zaidi ya miaka mia imepita na mkanganyiko huo ungalipo.

Ndani yake

Ukiifungua bunduki hii utaona maana ya maneno ya babu. Kuna mitutu miwili, nyundo mbili, springi mbili na vifyatulio viwili. Cha mbele hufyatua mtutu wa kulia, cha nyuma hufyatua wa kushoto. Springi ya upande mmoja ikivunjika, upande wa pili haujui habari. Bunduki ya mtutu mmoja yenye risasi nne au tano tumboni ina risasi nyingi zaidi, lakini ikikwama imekwama yote. Ndiyo maana wawindaji wenye uwezo waliendelea kununua ile ya mitutu miwili hata baada ya bunduki za aina ya Mauser, zilizokuwa rahisi zaidi, kujaa madukani.

Kazi ngumu kuliko zote ni kuifanya mitutu hiyo miwili ipige mahali pamoja. Mtu angedhani inatosha kuilaza sambamba. Haitoshi. Ukifyatua mtutu wa kulia, bunduki hurudi nyuma huku ikigeukia juu na kulia kabla risasi haijatoka mdomoni. Wa kushoto nao huivuta kushoto. Kwa hiyo fundi huielekeza midomo ya mitutu ndani kidogo, kila mmoja kuelekea upande wa mwenzake. Kwa kiasi gani? Hesabu humfikisha karibu tu. Yaliyobaki ni kujaribu. Mitutu hushikwa kwa lehemu na kabari ndogo mdomoni. Fundi hupiga risasi kwenye shabaha iliyo hatua 50 hivi, hutazama matundu, huyeyusha lehemu, husogeza kabari kidogo sana, kisha hupiga tena. Hurudia hadi matundu ya kulia na kushoto yakae pamoja.

Na hata akimaliza, ameilinganisha kwa risasi ya aina moja tu. Risasi yenye kasi zaidi hutoka kabla bunduki haijageuka vya kutosha, na mapigo hupishana. Yenye kasi ndogo huyatawanya. Kordaiti nayo ilikuwa na tabia ya kuongeza shinikizo kwenye joto, hata viwanda vikalazimika kutengeneza risasi za nchi za joto zenye baruti iliyopunguzwa. Bunduki iliyojaribiwa kwenye baridi ya Uingereza haikuwa na ahadi yoyote kwa jua la Voi. Nani kati yetu hajawahi kusema "lakini kwenye mashine yangu ilifanya kazi"?

Huko Marekani wapo watu wanaojiundia bunduki za namna hii nyumbani, wakianza na mtambo wa bunduki ya zamani ya marisau, kisha wakaenda kuwinda nayo. Ukitaka mpya ya mafundi wakubwa wa London, bei yake ni zaidi ya pauni laki moja. Hapa Kenya kuunda silaha bila kibali ni kosa la jinai, kwa hiyo msiniandikie kuniomba michoro. Nawaelewa watu hao kwa jambo moja: ukishakaa miezi unasogeza kabari kwa unene wa karatasi, huwezi tena kuamini kitu eti kwa sababu kimeandikwa kwamba kinafanya kazi.

Mlima Kenya, 1909

Theodore Roosevelt alitua Mombasa mwezi wa Aprili mwaka 1909, wiki chache baada ya kutoka madarakani kama rais wa Marekani. Miongoni mwa bunduki zake ilikuwemo ya mitutu miwili ya Holland & Holland, kipimo cha .500/450, zawadi ya marafiki zake wa Uingereza. Hadi safari inaisha mwaka 1910, yeye na mwanawe Kermit walikuwa wameua wanyama 512.

Ndovu wake wa kwanza alimpata kwenye msitu wa Mlima Kenya, akiwa na mwindaji R. J. Cuninghame. Alifyatua mtutu wa kwanza akalenga ubongo, akaukosa kidogo na ndovu akapepesuka. Akafyatua wa pili na ndovu akaanguka. Mpaka hapo bunduki ilifanya kazi yake kama ilivyoandikwa katika kitabu.

Papo hapo ndovu wa pili akachomoza vichakani, karibu kiasi kwamba angeweza kumgusa kwa mkonga. Mitutu yote miwili ilikuwa tupu. Roosevelt akarukia nyuma ya mti huku akiifungua bunduki apakie upya. Aliyemwokoa ni Cuninghame aliyekuwa kando yake, aliyempiga ndovu huyo risasi mbili hadi akageuka na kukimbia.

Someni tena kisa hicho kwa jicho la fundi wa seva. Springi zote ziko salama, nyundo zote zimepiga, hakuna kilichovunjika, na bado mtu huyo angekufa. Akiba ya kweli ilikuwa mtu wa pili mwenye bunduki yake na macho yake.

Wakati huo huo kulikuwa na Mskochi, W. D. M. Bell, aliyeitwa "Karamojo" kwa sababu ya kuwinda kwake Karamoja, Uganda. Huyu aliua zaidi ya ndovu 1,000, wengi wao kwa bunduki ya kawaida ya milimita 7, ambayo risasi yake ni kama theluthi moja ya ile ya Rigby kwa uzito. Alipasua fuvu la ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo umelala wapi. Wapenzi wa bunduki hubishana hadi leo nani alikuwa sahihi. Mimi naona Bell alijua jambo ambalo vyuma haviwezi kukupa. Lakini wateja aliowahudumia babu hawakuwa akina Bell. Walikuwa watu wa likizo ya mwezi mmoja, mikono ikitetemeka, na kwa hao mtu wa nyuma ndiye aliyekuwa bima.

Ndugu wawili

Babu alikuwa na mdogo wake. Yeye hakubeba bunduki ya mtu. Aliwinda kwa upinde aliouchonga mwenyewe nyumbani na mishale ya sumu ya mti, kama wazee wake walivyofanya. Majirani zao Wawaata wa upande wa Tsavo walikuwa mabingwa zaidi. Kuuvuta upinde wao wa ndovu kulihitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45, na hakuna mtutu wa akiba pale. Unapiga mshale mmoja, unatulia, unafuata nyayo.

Sheria ya kikoloni haikuuliza nani anaijua kazi. Iliuliza nani ana leseni. Mwaka 1909 leseni ya mwindaji mgeni iligharimu pauni 50. Mwenye leseni aliitwa mwanaspoti na mwenye upinde akaitwa jangili. Mwaka 1956 na 1957 ilifanyika kampeni kubwa ya kuwakamata wawindaji wa upinde katika eneo la Tsavo, na wengi wakaishia jela. Mdogo wake babu alifungwa katika miaka hiyo hiyo. Babu mwenyewe alikuwa porini, akilipwa mshahara kumsaidia mgeni amuue mnyama yule yule. Walipokutana tena, aliniambia, walikula pamoja bila kulizungumza. Hawakulizungumza hadi wakafa.

Simtetei mmoja wala mwingine. Ndovu waliisha kwa risasi, kwa mishale, na baadaye kwa bunduki za rashasha. Mwezi wa Mei mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na marufuku hiyo ingalipo. Nafurahi ipo. Babu alirudi Kibwezi na kiinua mgongo kidogo, akanunua mbuzi.

Alituachia picha moja. Mgeni amekaa kati ya pembe mbili za ndovu, bunduki imelazwa magotini. Ukingoni, nusu ndani na nusu nje ya picha, amesimama babu na bunduki ya pili. Nyuma kumeandikwa kwa wino jina la mgeni, kipimo cha bunduki na uzito wa kila pembe kwa ratili. Hata bunduki ina jina. Roosevelt walau aliwataja kitabuni wabebaji wake, Muhamed na Bakari. Wengi hawakutajwa.

Sasa seva. Mteja amenisamehe, nusu. Seva ya pili ipo katika jengo lingine lenye laini nyingine ya stima, na kila Ijumaa tunaizima ya kwanza makusudi tuone kama ya pili itashika. Kuna kijana pale ofisini anayejua kuiwasha mimi nikiwa sipatikani. Jina lake nimeliandika ukurasa wa kwanza wa maelezo ya mfumo, juu ya jina la mashine.

Na ile picha nimeitoa kwenye fremu. Nimeandika nyuma yake jina la babu na la mdogo wake, kwa kalamu ya wino, chini ya uzito wa pembe.

Kama kwenu kuna picha kama hiyo, ulizeni wazee majina wakati bado wapo. Tukutane wiki ijayo, tutarudi kwenye programu.