Elimu ya nyota na vyuo vya jirani

Tarehe 1 Septemba 2016, saa sita mchana na dakika saba, kupatwa kwa jua kipete kulifika kileleni. Watu walikuwa wamefurika Rujewa, wilayani Mbarali, walikohamasishwa na wataalamu akiwamo Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Kilele chenyewe, kwa hesabu za wanafalaki, kiliangukia mashariki zaidi, katika mapori yaliyo kati ya Tunduru na Masasi. Kipete kilidumu huko dakika tatu na sekunde chache.

Mtoto wa Masasi, Newala au Tandahimba aliyeliona jua lile akitaka kuisomea elimu ya nyota, aende wapi? Jiografia ya kidato cha kwanza humfundisha jua na sayari zake, na Fizikia ya kidato cha nne ina mada ya astronomia. Baada ya hapo njia huanza kupotea.

Wazee wake walikwishawahi kukwama hivyo, wakapita kwa jirani. Benjamin Mkapa, kijana wa Lupaso, Masasi, alisomea shahada yake Makerere, Kampala, akahitimu mwaka 1962. Chuo cha Dar es Salaam kilikuwa ndiyo kwanza kimefunguliwa, Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na kilianza na sheria peke yake. Mwaka 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, wa sheria akaja Dar, na popote aliposoma alitunukiwa shahada ya chuo hicho kimoja. Mwaka 1970 muungano huo ulivunjwa, kila nchi ikabaki na chake.

Sisemi nchi zetu zilikosea kujenga vyuo vyao, zilivihitaji. Lakini masomo yenye wanafunzi wachache yaliumia, maana chuo kimoja hakiwezi kuajiri wahadhiri na kununua darubini kwa ajili ya vijana watatu.

Mwaka huohuo wa 1970, tarehe 12 Desemba, Waitaliano walirusha setilaiti ya Marekani kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani. Ikaitwa Uhuru, kwa heshima ya sikukuu ya Kenya siku ile. Kazi ya aina hiyo ilimpatia Riccardo Giacconi Tuzo ya Nobeli mwaka 2002. Jina lilikuwa letu na bahari ilikuwa yetu. Taarifa zake zilichambuliwa Marekani.

Afrika Kusini ilipata njia nyingine. Mwaka 2003 vyuo vyake viliona hakuna haja ya kila kimoja kuhangaika peke yake, vikaanzisha programu ya pamoja ya astrofizikia yenye makao Chuo Kikuu cha Cape Town. Wahadhiri walitoka vyuo mbalimbali, na wanafunzi wa nchi nyingine za Afrika wakapokelewa. Miaka miwili baadaye darubini kubwa ya SALT ilizinduliwa Sutherland.

Anga tunalo. Simama Shimo la Mungu pale Newala usiku wa Novemba usio na mwezi, msimu wa korosho, mvua hazijashika. Mbele yako ardhi inaporomoka hadi bonde la Ruvuma, ng'ambo ni Msumbiji. Juu ya giza hilo utaona mabaka mawili meupe kama moshi uliogoma kuondoka. Hayo ni Mawingu ya Magellan, galaksi mbili jirani na yetu. Aliyeko London hawezi kuyaona hata akiwa na darubini ya bei gani, kwa kuwa kwake hayachomozi.

Mtwara mjini kuna Chuo cha Stella Maris, na Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, humfuata mwanafunzi alipo. Tunachokosa ni ruhusa nyepesi: mwanafunzi aliyesajiliwa chuo kimoja asome somo la nyota chuo kingine, na alama zake zihesabiwe kwenye shahada yake bila kuzungushwa ofisi hadi ofisi. Wakuu wa vyuo na Tume ya Vyuo Vikuu wakae walimalize jambo hili. Walioendesha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki waliliweza kwa nchi tatu, wakiwasiliana kwa barua na simu za mezani.